Bunju mgeni kwenye tangi: kwanza jua umenunua yupi

Bunju ni yule samaki anayejivimbisha akiogopa. Anayeonekana sana kwenye maduka ya samaki wa mapambo ni yule wa kijani mwenye madoa meusi na tumbo jeupe, asili yake Asia. Muuzaji atakuambia ni samaki wa maji matamu, na kweli dukani yumo kwenye maji matamu, anachezacheza vizuri tu. Ila huyu ni samaki wa midomo ya mito na mikoko, na jinsi anavyokua ndivyo anavyohitaji chumvi. Ukimwacha kwenye maji ya bomba atadhoofika polepole, nawe utabaki kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, ulizia jina lake. Yupo bunju kibete wa India, hazidi sentimita 3 au 4 hivi, na huyo hataki chumvi hata chembe. Yupo fahaka wa mto Nile na Ziwa Turkana, naye ni wa maji matamu maisha yake yote, lakini anapita sentimita 40 na hataki mwenzake ndani ya tangi. Yule mkubwa wa Ziwa Tanganyika na mto Kongo, Tetraodon mbu, anavuka sentimita 60. Huyo mwachie ziwa lake.

Mimi nafuga wa madoa, na ninayoyasema hapa ni ya kwake. Anafika kama sentimita 15, kwa hiyo tangi la lita 120 ndilo la kuanzia, lenye bunju mmoja peke yake. Ukimchanganya na samaki wengine atawakata mapezi, na huo si ukorofi, ndivyo alivyoumbwa.

Tangi liwe limeshazungusha maji kwa wiki 4 hadi 6 kabla hajafika, ili bakteria wa kwenye chujio wawe wameota. Pima sumu zinazotokana na uchafu wa samaki: amonia sifuri, nitriti sifuri. Bunju hana magamba na anakula kwa kuchafua, kwa hiyo maji yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuumia. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza. Hapa Dar hita sijawahi kuihitaji, maji yanakaa kwenye nyuzi 25 hadi 28 yenyewe. Aliye Arusha au Mbeya asijidanganye. Ninachokihitaji zaidi ni pampu ya hewa ya betri, maana umeme wetu tunaujua.

Siku ya kumleta, zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji kwa robo saa, halafu uwe unaongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda wa saa moja. Usimtoe kwa wavu. Mchote kwa bakuli akiwa ndani ya maji, kwa sababu akijivimbisha nje ya maji anameza hewa, na hewa hiyo huenda ikamshinda kuitoa. Na wageni wakikuomba umchokoze avimbe ili wapige picha, wakatalie. Kuvimba kwake ni hofu.

Siku za kwanza tumbo lake litageuka kijivu, pengine jeusi kabisa. Atajificha, au atapanda na kushuka kwenye kioo kama anayetafuta mlango, na chakula atakikataa. Mwache. Hapo ndipo wengi wanapomwaga dawa kwenye maji, na dawa zenye shaba ni sumu kwake. Tumbo likirudi kuwa jeupe ujue ametulia. Jambo la kuangalia ni hili: akiwa anakula vizuri na bado tumbo limebonyea, kuna uwezekano ana minyoo, kwani wengi wao wamevuliwa porini. Hapo nenda kwa daktari wa mifugo, usikadirie dozi mwenyewe.

Chumvi inapandishwa taratibu. Anza na maji ya aina ile ile aliyotoka nayo dukani, kisha kila wiki unapobadilisha theluthi ya maji ongeza kidogo, isizidi 0.002 kwenye haidromita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Chumvi ya mezani haifai. Inatakiwa chumvi ya akwariamu ya baharini, ambayo bei yake inauma. Sisi wa pwani tuna njia nyingine. Mimi nachota maji ya bahari yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto Msimbazi, nayachuja kwa kitambaa. Sehemu moja ya bahari kwa nne za maji matamu inakupa kama 1.005, na hiyo inamtosha akiwa mdogo. Akikomaa utampeleka hadi 1.015 na zaidi.

Chakula ndiyo kazi yenyewe. Meno yake manne hayaachi kukua, na yasipotafuna kitu kigumu yanamfunga mdomo. Chakula cha unga au cha vipande hatakigusa. Anataka konokono. Utamwona amesimama palepale majini, jicho moja linakutazama wewe na jingine linamtazama konokono, kisha anainama kidogo, na ukiwa karibu unasikia gamba likipasuka.

Anza kufuga konokono kabla hujanunua samaki: ndoo ya maji, majani ya mchicha, ganda la yai kwa ajili ya chokaa. Usiwaokote mtoni wala mtaroni, maana konokono wa maji matamu wengine ndio wanaobeba kichocho, na anayeingiza mkono majini ni wewe. Wakiisha, nenda soko la samaki la Feri ukanunue kamba wenye maganda, miguu ya kaa, chaza. Badilisha badilisha, kwa kuwa kamba na chaza peke yao siku zote humpunguzia vitamini B1. Mdogo ale mara moja kwa siku, mkubwa kila baada ya siku 2 au 3. Atakuja mbele ya kioo kuomba kila akikuona, usimhurumie. Na mabaki yatoe papo hapo.

Akifa, usimtupie paka wala kuku. Sumu ya bunju haiondoki hata kwa kuchemshwa. Mfukie chini kabisa, pasipofukuliwa na mbwa.