Viazi vya bustani vinaoza vikishachimbwa: nakosea wapi?

SWALI: Nina matuta ya viazi mviringo nyuma ya nyumba hapa Njombe. Nilipanda mwishoni mwa Februari. Sasa Mei inaisha, mvua imekatika, majani ya chini yamekauka na mengine yana mabaka ya ukungu. Mwaka jana nilichimba mapema, nikaviosha, nikavijaza kwenye mifuko ya salfeti na kuiweka jikoni. Mwezi haukuisha, karibu nusu vikaoza na vingine vikawa vya kijani. Safari hii nichimbe lini na nihifadhi vipi? Na mboga zilizobaki nizifanyeje kabla baridi haijawa kali?
Mama wa nyumbani, Njombe

JIBU: Mama, usichimbe wiki hii. Kata majani kwanza, kisha subiri siku 14.

Viazi vyako vya mwaka jana viliharibika kuanzia siku ile ya kuchimba. Kiazi kinapochimbwa mmea ungali kijani, ganda lake huwa jembamba na halijashikana na nyama. Likichubuka, maji yanatoka na bakteria wa kuozesha wanaingia. Ulipoviosha ulizidisha tatizo: maji yaliziba vitundu vya hewa kwenye ganda, na unyevu ule ukafungiwa ndani ya mfuko, karibu na joto la jiko. Rangi ya kijani ililetwa na mwanga.

Chukua mundu, kata mashina yote usawa wa udongo. Usiyang'oe kwa mkono, maana utavuta na viazi juu. Mabua na majani yenye ukungu yatoe bustanini, uyafukie mbali au uyachome yakikauka. Usiyaweke kwenye mboji. Mmea ukishakatwa, kiazi huacha kukua na ganda huanza kukaza. Siku hizo 14 zina kazi nyingine pia. Vimelea vya bakajani chelewa, huo ukungu unaouona, hudondoka kutoka kwenye majani, na ukichimba siku hiyohiyo vinagusana na viazi vibichi. Ukisubiri, vingi vinakufa juu ya udongo mkavu, na viazi vilivyokwisha kuambukizwa vinaonekana mapema, ukavitenga.

Jioni ya siku ya kukata, pita tuta kwa tuta. Popote udongo ulipopasuka au kiazi kinapochungulia, funika kwa udongo wa kama sentimita 5. Kwenye nyufa hizo ndimo nondo wa viazi anamotaga mayai, na mwanga nao unapita humohumo. Usimwagilie tena.

Siku ya 14 fukua shina moja, chukua kiazi na ukisugue kwa nguvu kwa dole gumba. Ganda lisipotoka, chimba. Likitoka kama karatasi iliyolowa, ongeza siku 5 hadi 7, upime tena. Lakini usiviache ardhini mwezi mzima baada ya kukata: fuko na nondo hawangoji.

Chagua asubuhi kavu, udongo usiwe wa kunata. Jembe uma ni bora kuliko jembe la kawaida. Lizamishe kando ya tuta, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uinue udongo kutoka chini. Jembe likipigwa katikati ya tuta hukata viazi vikubwa kuliko vyote. Vikishatoka, viweke chini taratibu, usivirushe. Kishindo huacha jeraha la ndani lisiloonekana, na baada ya siku chache nyama hugeuka nyeusi. Viache vikauke saa moja hivi, kivulini kama jua ni kali, kisha pangusa udongo kwa mkono. Usivioshe hadi siku ya kupika.

Hapohapo shambani tenga mafungu. Vilivyokatwa au kuchubuka pikeni wiki hiyo. Vyenye mabaka ya kahawia yaliyodidimia vitoe. Kama kuna kiazi ambacho udongo umenata kwenye macho yake, kikate katikati na ukibinye: ute mweupe kama maziwa ukitoka kwenye ule mviringo wa ndani, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuuponya. Viazi vya tuta hilo visiwe mbegu, na mahali hapo pasipandwe viazi, nyanya, pilipili wala bilinganya kwa angalau misimu mitatu. Panda mahindi au kabichi.

Vilivyo vizima vitandaze gizani, kwenye chumba kinachopitisha hewa, kimo kisizidi tabaka mbili au tatu, kwa siku 10 hadi 14. Michubuko midogo hupona katika kipindi hicho. Kisha vihamishie kwenye kichanja cha mbao kilichoinuliwa kutoka sakafuni, au kwenye makreti au magunia ya katani yasiyojazwa sana. Zuia mwanga, acha hewa. Baridi ya Njombe inakusaidia sana hapa. Kagua kila wiki, maana kiazi kimoja kilichooza hulowesha jirani zake. Friji siishauri: wanga hugeuka sukari, na chipsi zinakuwa nyeusi na tamu isivyostahili. Chenye kijani kingi au kichungu tupa, kina solanini, ambayo ni sumu, na kukichemsha hakuiondoi.

Mbegu ni kinyume chake, na wengi hukosea hapa. Viazi vya mbegu, vyenye ukubwa wa yai la kuku na kutoka kwenye mashina yaliyokuwa na afya, vinataka mwanga hafifu, si giza. Vitandaze tabaka moja au mbili kwenye kichanja chini ya paa, jua lisivipige moja kwa moja. Vitageuka kijani na kutoa machipukizi mafupi, manene. Gizani hutoa machipukizi marefu meupe yanayokatika wakati wa kupanda.

Kuhusu mboga nyingine: karoti na kabichi zinavumilia baridi, kwa hiyo vuna kidogokidogo unavyohitaji. Zimwagilie kidogo na kwa mpangilio, kwa sababu maji mengi baada ya ukavu mrefu hupasua karoti na vichwa vya kabichi. Nyanya, maharage mabichi na maboga haziwezi jalidi, yaani umande unaoganda kwa baridi, zitoe kabla ya Juni kuingia. Nyanya zilizoanza kubadilika rangi zitaivia ndani ya nyumba. Boga likate likiwa na kikonyo cha sentimita 5, maana lililokatika kikonyo huanza kuoza hapohapo. Miche midogo uliyonayo imwagilie asubuhi, jioni uifunike kwa nyasi kavu, na uifunue jua likishapanda.