Maswali ya Wasomaji: Unga wa Kupunguza Gesi ya Ng'ombe

Barua tano za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni nyongeza za chakula zinazodaiwa kupunguza methani itokayo kwa ng'ombe wa maziwa. Sikuzipanga kwa tarehe zilipofika bali kwa jinsi jibu la moja linavyoifungulia njia inayofuata, na zile zilizokuwa ndefu nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mwalimu wetu alituambia kwamba ng'ombe wanachangia kuharibu tabianchi kwa kujamba, na darasa zima likaangua kicheko. Je, ni kweli au alikuwa anatania? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amempata mnyama ila amekosea mlango. Zaidi ya asilimia 90 ya methani ya tumboni hutoka mdomoni na puani, kwa mbweu na kwa pumzi. Inayopita nyuma ni kidogo sana. Ukitaka kujionea, msogelee ng'ombe mpole aliyeshiba na kutulia, simama ubavuni mwake upande wa kushoto, weka ngumi kwenye kishimo kilichopo kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, kisha usubiri. Utahisi tumbo likiisukuma ngumi, likilegea, na baada ya dakika moja hivi likiisukuma tena. Ukiitazama shingo wakati huo utaona kitu kama wimbi kikipanda mbio kuelekea kooni, wala hutasikia kishindo kama cha mtu aliyemaliza chupa ya soda. Hiyo ndiyo mbweu yenyewe. Ng'ombe anayeshindwa kuitoa huvimba tumbo na anaweza kufa katika muda wa saa chache, kwa hiyo hatuwezi kumtaka aache.

Gesi hiyo hutengenezwa katika tumbo la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 au zaidi. Humo vijiumbe huvunja nyuzinyuzi za majani ambazo mimi na wewe tusingeweza kuzimeng'enya, na katika kuzivunja hutoa haidrojeni. Haidrojeni ikilundikana uchachushaji hukwama, na hapo ndipo linapoingia kundi jingine la vijiumbe liitwalo arkea, ambalo huichukua na kuiunganisha na kaboni dioksidi, ikazaliwa methani pamoja na maji. Ishike vizuri safari hii ya haidrojeni, kwa sababu nyongeza zote zinazozungumzwa leo hufanya moja kati ya mambo matatu: huwazuia arkea, huipa haidrojeni mahali pengine pa kwenda, au hupunguza ile inayozalishwa.

Kuhusu tabianchi, methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, lakini katika kipindi cha miaka 20 kila kilo yake huongeza joto zaidi ya mara 80 kuliko kilo ya kaboni dioksidi. Mifugo, ukijumlisha matumbo na samadi, hutoa karibu theluthi moja ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana baada ya mkutano wa tabianchi wa Glasgow, Uskoti, wa mwaka 2021, ambako nchi nyingi ziliahidi kupunguza methani kwa asilimia 30 kufikia mwaka 2030, macho yaligeukia bandani.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nina ng'ombe sita wa maziwa. Nawalisha majani ya kukata, mabua wakati wa kiangazi, na pumba kidogo wakati wa kukamua. Nimesikia kuna unga unaopunguza gesi kwa asilimia 30, na kwamba nguvu inayookolewa hugeuka kuwa maziwa. Je, niutafute? (Mfugaji mdogo)

JIBU: Ndugu mfugaji, unga uliousikia bila shaka ni ule wenye kemikali ya 3-nitrooksipropanoli, unaouzwa kwa jina la Bovaer. Uliidhinishwa Brazili na Chile mwaka 2021, Umoja wa Ulaya mwaka 2022, kisha Kanada na Marekani mwaka 2024. Unafanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya ambacho arkea hukitumia katika hatua ya mwisho kabisa ya kutengeneza methani, na ile asilimia 30 uliyotajiwa ni wastani wa kweli kwa ng'ombe wa maziwa waliopimwa. Mpaka hapo hukudanganywa.

Penye shida ni hiyo sehemu ya pili. Ng'ombe kwa kawaida hupoteza kama asilimia 6 ya nishati ya chakula chake katika methani, na inaelekea akilini kwamba ukiizuia gesi, nishati hiyo itabaki mwilini na kushuka kwenye kiwele. Katika majaribio mengi haikushuka. Sehemu ya haidrojeni iliyokosa arkea wa kuichukua hutoka nje ikiwa haidrojeni tupu, na mara nyingine ng'ombe hula pungufu kidogo. Maziwa hubaki yaleyale. Hii maana yake ni kwamba anayenunua unga huu ananunua upungufu wa gesi peke yake, na asipokuwepo mtu wa kumlipa kwa upungufu huo, awe kiwanda cha maziwa, serikali au soko la hewa ukaa, gharama yote inamwangukia yeye. Sioni haki katika kumbebesha mzigo huo mtu mwenye ng'ombe sita, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo wenzangu watakaonipinga.

Lipo pia suala la kuchanganya. Kipimo ni karibu miligramu 60 kwa kila kilo ya chakula kikavu (uzito wa chakula bila maji yaliyomo), yaani ng'ombe anayekula kilo 20 kwa siku anahitaji gramu 1.2 tu za kemikali yenyewe, na gramu hizo zinatakiwa zienee katika kilo zote 20, kwa sababu nguvu ya dawa huisha tumboni baada ya saa chache. Mahali ambapo chakula chote hupimwa na kuchanganywa kwa mashine kila asubuhi, jambo hili halina taabu. Ukiunyunyiza juu ya pumba za jioni, utazuia gesi ya jioni, halafu usiku kucha ng'ombe atakula majani na kupiga mbweu kama kawaida. Tena uwezo wa unga hupungua kadiri nyuzinyuzi zinavyozidi katika chakula, na mabua ni nyuzinyuzi tupu. Ukiacha kuutumia, methani hurudi palepale.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni usiutafute kwa sasa. Fanya kwanza hesabu nyingine. Kwa makadirio ya kawaida ng'ombe hutoa gramu 20 hivi za methani kwa kila kilo ya chakula kikavu anachokula. Yule anayekula kilo 10 na kutoa lita 5 za maziwa ametoa gramu 200 za gesi, yaani gramu 40 kwa kila lita. Yule anayekula kilo 18 na kutoa lita 20 ametoa gramu 360, ambazo ukizigawa ni gramu 18 kwa lita. Wa pili ana gesi nyingi zaidi kwa siku, lakini kila lita ya maziwa yake imebeba chini ya nusu ya gesi ya mwenzake. Njia ya kutoka kwa wa kwanza kuelekea kwa wa pili haihitaji kemikali mpya: kata majani yangali machanga kabla hayajakomaa na kuwa miti, katakata mabua badala ya kuyatupa mazima, weka maji muda wote, na ongeza protini kwa majani ya jamii ya kunde.

Katika majani hayo lukina na kaliandra yana sifa ya ziada, kwani yana tanini, kemikali ya mimea yenye ukakasi, ambayo hupunguza methani kiasi. Lukina ina sumu iitwayo mimosini, kwa hiyo isizidi theluthi ya chakula. Nchini Australia iliwahi kuwasumbua mifugo mpaka mtafiti Raymond Jones alipogundua kwamba mbuzi wa Hawaii waliila bila kudhurika. Ikaonekana kwamba matumboni mwao mna bakteria anayeivunja sumu hiyo, akahamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, na baadaye bakteria huyo akapewa jina linalomkumbuka Jones.

Mashudu yaliyobaki na mafuta nayo yanasaidia. Kila asilimia moja ya mafuta unayoongeza katika chakula kikavu hupunguza methani kwa asilimia 3 hadi 5. Usishangilie ukapitiliza: mafuta yote yakizidi asilimia 6 au 7 ya chakula, vijiumbe vya kuvunja nyuzinyuzi hulemewa, ng'ombe hupoteza hamu ya kula, na mafuta ya maziwa hushuka. Kuhusu kuongeza nafaka, ni kweli wanga hupunguza haidrojeni inayozalishwa, lakini tumbo likijaa asidi utaugua wewe kwa gharama na ng'ombe kwa maradhi ya kwato.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, na maziwa hayakosekani nyumbani kwangu. Niliona picha za video watu wa Uingereza wakimwaga maziwa kwenye sinki kwa sababu ya huo unga. Je, tuogope?

JIBU: Mama, video hizo ni za mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya kutangazwa kwamba Bovaer ingejaribiwa katika mashamba 30 hivi ya Uingereza. Hofu ilichanganyika na uvumi, ukiwemo ule uliomhusisha Bill Gates na unga huo, wakati yeye alikuwa amewekeza katika kampuni nyingine kabisa, iitwayo Rumin8. Mamlaka za usalama wa chakula za Ulaya, Uingereza na Marekani ziliikagua kemikali hiyo, nazo zilikubaliana kwamba ikitumika kwa kipimo kilichoidhinishwa haina hatari kwa mnywaji wa maziwa, kwa sababu huvunjwavunjwa upesi tumboni mwa ng'ombe. Anayepaswa kuchukua tahadhari ni mfanyakazi anayeuchota ungali mkavu, maana unawasha ngozi na macho na haufai kuvutwa puani. Picha ya mtu aliyevaa glavu na barakoa ghalani ndiyo iliyowatisha wengi, ingawa hata chokaa ya kupaka ukuta huhitaji tahadhari kama hiyo, na hakuna aogopaye kukaa ndani ya nyumba iliyopakwa chokaa.

Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni afya ya ng'ombe wenyewe. Denmark iliweka sheria inayowataka wenye zaidi ya ng'ombe 50 wa maziwa, isipokuwa wafugaji wa kilimo hai, watumie chakula cha kupunguza methani kuanzia mwaka 2025: ama unga huo kwa siku 80 za mwaka, ama mafuta ya ziada mwaka mzima. Ilipofika vuli ya mwaka huo baadhi ya wafugaji waliripoti ng'ombe wanaopunguza kula, kuhara na kushuka maziwa, na mamlaka zikawaruhusu kusitisha pale wanapoona mifugo yao inaathirika. Majaribio ya kabla ya hapo, ukiacha ule upungufu mdogo wa kula nilioutaja, hayakuonyesha madhara ya aina hiyo. Lakini mfugaji anayeamka alfajiri kila siku humjua ng'ombe wake aliyepoa, na taarifa yake inastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule unaopewa takwimu za maabara.

SWALI: Kuna mwani unaosemekana kumaliza gesi kabisa. Sisi wa pwani tunauona mwani kila siku. Tuwalishe?

JIBU: Hapana, si mwani wowote. Unaozungumzwa ni mwani mwekundu wa jamii ya Asparagopsis, wenye bromofomu, kemikali ambayo nayo huwafunga arkea mikono. Ng'ombe wa nyama waliolishwa huko California walipunguza methani kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa ng'ombe wa maziwa habari ni ya kiasi zaidi: katika jaribio la Chuo Kikuu cha California, Davis, lililochapishwa mwaka 2019, mwani ukiwa asilimia 1 hivi ya chakula ulipunguza methani kwa asilimia 67, lakini ng'ombe wakapunguza kula kwa zaidi ya theluthi na maziwa yakashuka kwa takriban asilimia 12. Aidha bromofomu huruka hewani mwani unapoanikwa vibaya au kuhifadhiwa muda mrefu, na madini ya iodini na bromini huweza kuongezeka katika maziwa. Mwani wa kawaida hauna bromofomu ya kutosha. Utakachompa ng'ombe wako ni chumvi.

SWALI: Jirani yangu amesoma kwamba naitreti hupunguza methani, na sasa anataka kuchanganya mbolea ya chumvichumvi kwenye chakula cha ng'ombe. Nimwambie nini?

JIBU: Mwambie aache leo hii. Ni kweli naitreti huipokea haidrojeni kabla haijawafikia arkea, na ipo inayotengenezwa maalumu kwa mifugo, ambayo huanzishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Naitreti ya ghafla hugeuka naitraiti tumboni, naitraiti huingia katika damu, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Asichanganye pia habari hii na ile ya urea, ambayo hutumika kuongeza protini na haizuii methani. Nayo ikizidi huua.

Ikiwa ameshawalisha, aondoe chakula chote kilichochanganywa na awaangalie ufizi: ukigeuka kijivu au kahawia, ng'ombe akihema haraka na kuyumba, asimkimbize wala kumtembeza, kwani kila hatua hutumia oksijeni ambayo hana. Amwite daktari wa mifugo mara moja na amtajie neno naitreti kwenye simu, ili aje na dawa ya methilini bluu, ambayo huchomwa kwenye mshipa.