Kutafuta mimba na mtoto bado ananyonya
Shoga si lazima umwachishe ziwa huyo wa mwaka na nusu ndo upate mwingine. Kinachozuia yai kutoka ni homoni ya prolaktini nayo hupanda zaidi usiku, so punguza kumnyonyesha usiku tu, mchana aendelee, na kama siku zako zimesharudi vizuri uwezekano upo kabisa, hata zisiporudi unaweza kunasa bila kuona damu maana yai ndo hutangulia. Hayo ya kubemenda waachie majirani, maziwa ya mjamzito hayamdhuru mtoto, yanapungua tu. Vidonge vya asidi ya foliki (vitamini ya kujiandaa na mimba) anza sasa. Ila WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri usubiri miezi 24 tangu kujifungua ndo utafute mimba nyingine, na kama ulijifungua kwa opareshen ongea na daktari kwanza.