Treni ya Mwakyembe si reli moja: kwa wanaoanza mafunzo ya vitendo

Wiki hii nimesoma kazi tatu za vijana walioletwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo, na zote tatu zimefunguliwa kwa sentensi ileile, kwamba reli ya abiria wa jijini Dar es Salaam ilianza mwaka 2012. Sentensi hiyo naikuta kila mwaka na kila mwaka naikata. Safari hii nimeona afadhali niwaandikie nyote kwa pamoja, pamoja na wale ambao bado hawajafika, kwa sababu kosa hilo halikai peke yake, huzaa mengine.

Kwanza, tenganisheni njia na huduma. Kilichoanza tarehe 29 Oktoba 2012 ni huduma: treni za abiria kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, zilizoendeshwa na TRL (Tanzania Railways Limited, kampuni ya reli ya wakati huo), na nyingine kati ya stesheni ya TAZARA (Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia) na Mwakanga, zilizoendeshwa na TAZARA yenyewe. Wananchi wakaziita zote kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, kwa hiyo abiria wa Mwakanga alipanda treni mpya juu ya reli iliyokwisha kubeba mizigo na wasafiri kwa zaidi ya miaka 35. Reli ya Kati ni ya zamani zaidi: Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na juu yake ndipo ilipokuja kupita treni ya Pugu mwaka 2016. Kila mnapoandika mwaka, semeni ni mwaka wa nini.

Pili ni geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, na hapa mtanivumilia nikae kidogo.

Nilikuwa na umri kama wenu nilipopewa kazi ya kuandika mapendekezo ya namna ya kuboresha treni za jijini. Niliifanya kwa bidii. Nilipanda treni za pande zote mbili asubuhi na jioni, nikahesabu abiria waliobaki kwenye majukwaa, nikachora jedwali la safari, na mwishoni nikatoa pendekezo ambalo nililiona kuwa moyo wa ripoti nzima: mabehewa ya akiba yawekwe mahali pamoja, yatumike upande wa Stesheni au upande wa TAZARA kulingana na mahitaji ya siku. Kurasa kumi na moja zilijengwa juu ya pendekezo hilo, na hakuna mwenzangu aliyeniuliza swali, kwa kuwa sote tulikuwa tukisema “Treni ya Mwakyembe” kana kwamba ni kitu kimoja.

Siku ya kuwasilisha, mezani alikaa mzee mmoja, fundi wa mabehewa aliyekwisha kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaomba rula, akageuza jalada la ripoti yangu na kuchora mistari miwili, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, hizi ni milimita 67. Hizi ndizo ulizozisahau.” Reli ya Kati, ya upande wa Stesheni, ina geji ya milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, kwa sababu ilikusudiwa kuungana na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Nafasi aliyoichora haikufikia hata upana wa kiganja changu, lakini ilitosha kuhakikisha kwamba hakuna behewa ambalo lingehama upande mmoja kwenda wa pili. Habari za Kidatu, ambako reli hizi mbili hukutana na mizigo ikabidi ihamishwe kutoka behewa hadi behewa, nilikuwa nimezisoma na kuzifanyia mtihani. Nilizijua kama jibu la mtihani, sikuzijua kama chuma. Nilikusanya karatasi zangu huku mikono ikitetemeka, na hadi leo nikiona jalada jeupe huwa naiona mistari ile.

Mzee hakunifukuza. Alinichukua kesho yake, tukaomba ruhusa, akanionyesha magurudumu kwa karibu na kunifundisha kupima kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine. Sasa ninyi mna kazi kubwa kuliko yangu, maana tangu SGR, reli mpya ya geji ya kimataifa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mnamo Juni 2024, jiji lina geji tatu, na ya tatu ni milimita 1,435.

Tatu, kwenye njia moja, ambako treni za kwenda na za kurudi hutumia reli ileile, msihesabu treni kabla ya kuhesabu sehemu za kupishana. Ikiwa kipande kirefu kuliko vyote kati ya sehemu mbili za kupishana huchukua dakika 25, treni moja ya kwenda na moja ya kurudi zitakula dakika 50, bado hamjaweka muda wa kuipa treni kibali cha kuingia kipande hicho. Ongezeni pia muda wa kugeuza mwishoni mwa safari: kichwa kukatwa, kuzungushwa, kuunganishwa upande wa pili na breki kujaribiwa. Kuna aliyeniandikia treni kila dakika 15 bila kuongeza hata njia moja ya kupishana. Nimemrudishia kazi yake.

Nne, jina la mwendeshaji wa Reli ya Kati liendane na mwaka: TRC (Shirika la Reli Tanzania) kuanzia 1977, TRL kuanzia 2007, na TRC tena baada ya sheria ya 2017.

Kazi zenu nazitaka tena Ijumaa. Kila njia iwe na mstari wake katika jedwali, wenye mwaka wa reli, mwaka wa huduma, mwendeshaji, geji, na sehemu za kupishana mlizozihesabu kwa macho yenu. Rula nitawapa mimi.