Barafu kiasi gani?
Kaka umeuliza profesa wa ile njia ya Monte Carlo anakokotoa nini na kesho haijui, si ndo kazi yenyewe hiyo! Chukua huku kwetu Lamu, mashua ikitoka na barafu kidogo samaki wanaharibika, ukibeba nyingi inayeyuka na pesa yako, na kusi likivuma hujui utarudi na kilo ngapi. Basi kwa kila kiasi cha barafu kompyuta inaenda kuvua kwa uongo mara 10,000, kila safari upepo na samaki wanabahatishwa upya, afu unaangalia barafu kiasi gani ilikupa faida nzuri ukijumlisha zote. Mwanahisabati Stanislaw Ulam ilimjia hiyo 1946 anaumwa, anacheza karata peke yake, na kwa vile ni mambo ya kubahatisha ndo ikaitwa Monte Carlo, kasino ile ya kamari huko Monaco. Ila ukiilisha takwimu mbovu inakudanganya vizuri tu, mie nahodha namuuliza kwanza 😂