Anakaa tu kwenye boti, na medali anapewa?

SWALI: Mambo mhariri, kwenye mbio za makasia Olimpiki ya Paris 2024 nilimwona mwanaume kakaa kwenye boti ya wadada wanane wa Uingereza, kasia hashiki, ni kupiga kelele tu, mwisho naye kavishwa medali. Kazi gani hiyo?

JIBU: Huyo ni Henry Fieldman, nahodha wao, sio abiria bwana! Wapiga makasia wanakaa wameipa mgongo njia, hawaoni wanakoenda, yeye ndo anaangalia mbele, anashika usukani na anaongea kwa maiki iliyofungwa kichwani, spika zipo ndani ya boti, anawaambia wapinzani wako wapi na saa ngapi waongeze spidi, na mita 2,000 zinaisha kwa kama dakika 6 hivi kwahiyo akikosea hesabu imekula kwao. Uzito lazima afike kilo 55, akipungua anabebeshwa mzigo wa kujazia. Jinsia sio ishu tena tangu 2017. Fieldman alichukua shaba Tokyo na wanaume, Paris shaba tena na wanawake, wa kwanza kufanya hivyo Olimpiki. Na wakishinda, kwa kawaida nahodha anarushwa majini, ndo shukrani yake hiyo 😂