Re: Arteta anategemea kona tu?

Mkuu umeuliza kama Arteta, kocha wetu Arsenal, hana mbinu nyingine zaidi ya kona, mimi hapo nakukatalia kabisa. Kona ni silaha, na imefanyiwa kazi tangu Nicolas Jover alipoletwa 2021 kusimamia mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Angalia vizuri siku nyingine, Ben White anaenda kumbana kipa asitoke, beki wetu Gabriel anaanzia mbali nguzo ya nyuma halafu anakuja kwa kasi, beki wa wapinzani akigeuka keshachelewa. Ile ya Septemba 2024 kule kwa Spurs (Tottenham), kona ya winga wetu Saka, kichwa cha Gabriel, 1-0, hapa Uyole, Mbeya, banda zima la kuangalizia mpira tulisimama mpaka chai ya jamaa ikamwagika na baridi yote ile nikaisahau.

Na ukuta je? Msimu wa 2023/24 tulifungwa goli 29 tu mechi 38, pointi 89, hiyo haiji kwa kona, ni timu nzima kukaba kuanzia juu.

Ila kinachoniuma ni timu ndogo zikipaki basi, wote wanarudi kukaba golini kwao. Tunapiga pasi pembeni, nyuma, pembeni tena, Saka anawekewa watu wawili na hakuna anayepita nyuma yake kumfungulia njia, alafu sub zinakuja dakika ya 75 wakati tangu dakika ya 50 kila mtu bandani anaona tumekwama. Nafasi ya pili Ligi Kuu England misimu mitatu mfululizo kaka, 2023, 2024, 2025, pointi zenyewe tuliziacha kwenye mechi kama hizo. Mimi namtaka abaki, lakini afanye sub mapema.